Jina Ndani ya Kinanda

Katika mwaka 1938 mume na mke waliokaa New York, Frank Warner na Anne Warner, walionyeshwa kinanda wasichopata kukiona maishani mwao. Aliyewaonyesha alikuwa Maurice Matteson, mwalimu wa muziki aliyekuwa akikusanya nyimbo huko Beech Mountain, katika milima iliyo magharibi ya jimbo la North Carolina. Kinanda kilikuwa cha mbao, chembamba, chenye nyuzi chache, nacho kilichongwa kwa mkono na mtu wa huko huko milimani, jina lake Nathan Hicks. Warner na mkewe walipendezwa nacho mno, wakamwandikia Hicks barua kuagiza kingine mfano wa hicho. Wala hawakungoja kuletewa kwa posta, bali walishika njia wakaenda kukitwaa wenyewe.

Safari ile ilikuwa ya kununua kinanda kimoja, lakini waliyoyapata yalipita bei yake. Nyumbani kwa Hicks walikuta jamaa na majirani wamekusanyika, na miongoni mwao alikuwamo mkwewe, Frank Proffitt, kijana mkulima aliyemwoa binti yake. Proffitt aliwaimbia habari za Tom Dula, ambaye wenyeji humwita Tom Dooley, aliyenyongwa mwaka 1868 kwa kumwua msichana Laura Foster. Katika nyumba ya Proffitt mambo hayo hayakuwa hadithi ya kale, kwa kuwa bibi yake alipata kuwajua wote wawili. Warner aliuchukua wimbo, akauimba kwa miaka mingi. Ukaingia katika kitabu cha John Lomax na mwanawe Alan mwaka 1947. Na mwaka 1958 kundi liitwalo Kingston Trio likautia katika sahani ya santuri iliyouzwa kwa mamilioni. Watu wa mabara yote wakaimba jina la Tom Dooley, wala hawakujua wimbo umetoka kwa nani. Aliyejua alikuwa Proffitt, aliyewaona vijana wale siku moja katika televisheni, wakiuimba kwa namna isiyokuwa yake.

Kisa hiki hakitajwi hapa kwa ajili ya wimbo, ijapokuwa wimbo ndio uliopata sifa. Kinatajwa kwa sababu maarifa mengi yaliyopo leo juu ya kinanda kile yalipatikana kwa njia ya namna hiyo hiyo. Hayakuanzia katika nyaraka za serikali, wala katika vyuo. Yalianza kwa mtu kununua kinanda, mara nyingi kikuukuu, katika mnada, au dukani kwa muuza vitu vya kale, au kwa mjane aliyekikuta darini, kisha akauliza swali moja: nani alikitengeneza?

Kinanda chenyewe huitwa dalsima. Ni sanduku jembamba la sauti, refu kiasi cha hatua moja ya mtu, na juu yake, toka mwanzo hata mwisho, umepita ubao mwembamba ulioinuka. Juu ya ubao huo yamepangwa matuta madogo ya waya, na juu ya matuta zimenyoshwa nyuzi tatu au nne. Mpigaji huketi, akakilaza kinanda mapajani. Mkono wa kushoto huendesha kijiti juu ya uzi wa kwanza, kikipanda na kushuka katika matuta, na mkono wa kulia hupiga nyuzi zote kwa unyoya wa bata bukini au wa bata mzinga. Uzi wa kwanza ndio uimbao. Zile nyingine hulia sauti moja daima, kama wazee waitikiao neno moja huku kijana akisimulia. Matuta hayakupangwa kwa nusu za sauti kama katika gita. Yamefuata ngazi ya sauti saba tu, hata mtu asiyejifunza muziki hawezi kukosea sana.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aliyezoea kuona kanuni ya taarabu imelazwa mapajani huenda akadhani vyombo hivi viwili ni ndugu wa karibu. Ukoo wao ni mmoja, lakini wa mbali, maana kanuni ina nyuzi nyingi na kila sauti ina nyuzi zake. Kilicho karibu zaidi kwa kanuni ya utendaji ni zeze la ufito, lile lenye kibuyu chini yake na vinundu vichache vilivyochongwa juu ya ufito. Kwa kuwa humo pia uzi mmoja hukatizwa mahali mahali upate kutoa sauti mbalimbali, na mwingine huachwa ulie wenyewe.

Milima ya Appalachia hupita katika majimbo mengi ya mashariki ya Marekani, na dalsima zilienea hasa katika Virginia, West Virginia, Kentucky, North Carolina na Tennessee. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa miji walianza kuwatazama wakazi wa milima hiyo kwa jicho la ajabu. William Goodell Frost, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Berea, Kentucky, aliandika katika mwaka 1899 makala iliyosomwa sana, na kwa anwani yake tu aliwaita wakazi hao wahenga walio hai katika zama zetu. Nia yake ilikuwa njema: alitaka matajiri wa kaskazini watoe fedha za kuwasomesha. Lakini neno lake lilizaa dhana iliyokaa miaka mingi, kwamba watu wa milimani walikuwa masalio ya Uingereza ya kale, waliofungiwa mabondeni tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kwamba kila walichokuwa nacho, wimbo, neno au kinanda, kilikuja nao kutoka huko bila kubadilika.

Dalsima iliingizwa katika dhana hiyo kwa urahisi, na jina lake likasaidia. Neno hilo limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika sura ya tatu ya kitabu cha Danieli, miongoni mwa vyombo vilivyopigwa mbele ya sanamu ya Nebukadreza. Yamkini watu wa milimani walilipata humo. Lakini kwa Waingereza jina hilo lilikuwa la chombo kingine kabisa, kile chenye nyuzi nyingi zigongwazo kwa vijiti viwili, ambacho Waajemi na Waarabu hukiita santur. (Na hilo nalo ni jina lililosafiri likabadili mwenyewe, kwa kuwa katika Kiswahili santuri imekuwa mashine ya kupigia sahani.) Basi mwanahistoria aonapo neno dalsima katika orodha ya mali ya marehemu wa karne ya 18 au 19 hana haki ya kushangilia upesi, maana jina halimwambii ni chombo kipi. Hapa karatasi za mahakama hazina faida kubwa. Kinachohitajika ni kinanda chenyewe, chenye mbao na misumari yake.

Na vinanda vyenyewe, vilipoanza kukusanywa, vilitoa ushahidi ambao wenye dhana ya Uingereza hawakuutazamia. Henry Mercer wa Pennsylvania, mtu aliyezoea kununua zana zilizotupwa katika minada na kwa wauza vyuma chakavu, alitoa mwaka 1923 habari za vinanda vya Wajerumani wa jimbo hilo. Vilikuwa sanduku refu jembamba, lenye nyuzi chache na matuta ya waya chini ya uzi wa kwanza. Kinanda cha jinsi hiyo huitwa Scheitholt, yaani gogo la kuni. Na kwa jina hilo hilo Michael Praetorius alikwisha kukitaja katika kitabu chake cha vyombo vya muziki cha mwaka 1619, akakihesabu miongoni mwa vyombo duni. Kutoka Pennsylvania palikuwa na njia kuu ya magari ya farasi iliyoshuka bonde la Shenandoah mpaka Virginia na mbele yake, na katika karne ya 18 Wajerumani wengi waliishika pamoja na watu wa asili ya Scotland na Ireland ya Kaskazini. Palipopita watu na vyombo vyao vilipita.

Ukiitazama dalsima ya kale kwa makini, asili hiyo imo mwilini mwake. Ule ubao mwembamba ulioinuka juu ya sanduku ni Scheitholt iliyopandishwa juu ya sanduku pana zaidi ili sauti ikue. Katika dalsima nyingi za karne ya 19 matuta ni vipande vya waya vilivyopindwa kama kikuku na kupigwa ubaoni chini ya uzi wa kwanza tu, vile vile kama katika kinanda cha Wajerumani. Nchi ya Norway ina langeleik yake, Sweden ina hummel, na milima ya Vosges huko Ufaransa ina epineti. Vyote ni vya ukoo huo. Uingereza, ambayo ilisemekana kuwa mama wa dalsima, haina kinanda cha jinsi hiyo katika desturi zake. L. Allen Smith alipotoa mwaka 1983 orodha ya dalsima zilizotengenezwa kabla ya kufufuka kwa kinanda hicho mijini, akizipanga kwa umbo na mahali, dhana ya Malkia Elizabeth ilibaki bila mguu wa kusimamia. Ya kale kupita zote zenye tarehe ni ile iliyoandikwa jina la John Scales mdogo, wa Virginia, ya mwaka 1832. Miaka ile Marekani ilikuwa na reli.

Hapo ndipo jina la fundi linapopata uzito. Mhenga hana jina wala tarehe. Ni kivuli cha kabila zima. Mtu aliyeandika jina lake ndani ya kinanda, akatia na mwaka, amekataa kuwa kivuli.

Mfano mkubwa ni James Edward Thomas, aliyejulikana kwa watu wa kwao kwa jina la Mjomba Ed. Alizaliwa mwaka 1850, akafa mwaka 1933, naye aliishi Bath, katika wilaya ya Knott, mashariki ya Kentucky. Yasemekana alianza kazi mwaka 1871, wala hakuiacha mpaka karibu na mwaka 1930, na jumla ya vinanda vyake hukisiwa kuwa kiasi cha 1,500. Umbo alilolifuata ni la saa ya mchanga: mabega membamba, kiuno, kisha nyonga, na katika uso wa kinanda alikata matundu ya umbo la moyo. Ndani alibandika karatasi yenye namba na tarehe. Inasimuliwa kwamba alizichukua dalsima zake kwa mkokoteni akazitembeza mabondeni, akipiga nyumba kwa nyumba ili watu wasikie kabla ya kununua.

Msomaji na afanye hesabu kidogo. Vinanda 1,500 katika muda wa miaka 59 ni wastani wa 25 kwa mwaka, yaani viwili na kitu kila mwezi, mwaka hata mwaka, kwa mtu ambaye alikuwa na shamba la kulima, na ambaye mbao zake za mjozi zilipaswa kukauka kabla ya kupasuliwa nyembamba na kukunjwa. Hii si kazi ya mtu anayejiliwaza jioni kwa kumbukumbu za mababu. Ni biashara. Ina kipimo kimoja kinachorudiwa, ina hesabu, ina soko. Namba ndani ya kinanda inadhihirisha kwamba Thomas aliyajua haya mwenyewe, maana mtu hahesabu kazi asiyokusudia kuiendeleza.

Tena karatasi yenyewe inastahili kufikiriwa. Jirani wa Thomas hakuwa na haja nayo. Aliyekaa bonde moja na fundi aliujua mkono wake kama ajuavyo mwandiko wa nduguye. Karatasi huandikiwa mgeni, mtu atakayekichukua kinanda mbali, mahali ambapo hapana wa kumwuliza. Na wageni walikuwapo. Mwaka 1902 Katherine Pettit na May Stone walifungua shule huko Hindman, katika wilaya hiyo hiyo ya Knott, na wageni wa shule hiyo, wakusanyaji wa nyimbo na waimbaji wa New York, wakaanza kurudi kwao na dalsima za Thomas mikononi. Mwaka 1916 Loraine Wyman na Howard Brockway walizunguka Kentucky wakitafuta nyimbo, kisha Wyman akaziimba majukwaani. Hivyo wale wale waliotafuta masalio ya kale waliuziwa kazi mpya ya fundi aliye hai, yenye tarehe ya mwaka ule ndani yake. Na wengi wao, kwa kuwa hawakuchungulia tunduni, au walichungulia wasitake kuamini, waliendelea kuizungumza kana kwamba ilitoka Uingereza katika jahazi.

Je, umbo la saa ya mchanga lilibuniwa na Thomas? Zamani jibu lilikuwa ndiyo, mpaka zilipotambuliwa dalsima za Charles N. Prichard, aliyezaliwa mwaka 1839 na kufa mwaka 1904, zenye umbo linalofanana sana na la Thomas. Karatasi yake ilitaja mji wa Huntington, West Virginia. Mtu asiyezoea kazi hii ataona hapo anwani tu. Lakini West Virginia haikuwa jimbo kabla ya mwaka 1863, na mji wa Huntington ulianzishwa na watu wa reli mwaka 1871. Basi karatasi yoyote itajayo mji huo ni ya mwaka 1871 au baadaye, hata kama haikuandikwa mwaka. Prichard na Thomas walikuwa wa zama moja. Huenda mmoja alifuata mwingine, au wote wawili walifuata mtu wa tatu ambaye hakuandika. Ralph Lee Smith, mpigaji na mnunuzi aliyegeuka mtafiti, alilifuatia swali hili miaka mingi, na inafaa kusemwa kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa ni vinanda vilivyopita mikononi mwa wauzaji.

Baada ya Thomas alifuata Jethro Amburgey, aliyezaliwa mwaka 1895 na kufa mwaka 1971, mwalimu wa useremala katika shule ya Hindman. Alishika kipimo cha Thomas, akatia namba katika kazi zake kama mkubwa wake, na idadi yake ilipita elfu moja. Kwa hiyo dalsima ya wilaya ya Knott isiyo na karatasi, yenye kiuno na mioyo, humtia mnunuzi katika shaka. Yaweza kuwa ya Thomas, yaweza kuwa ya Amburgey, yaweza kuwa ya mwanafunzi asiyejulikana. Hapo ndipo macho yanapolazimika kufanya kazi ya karatasi: jinsi vigingi vya kukazia nyuzi vilivyochongwa, alama za randa ndani ya ubao wa chini, gundi, unene wa kuta.

Lakini hata karatasi haisemi kila kitu, na hapa pana kisa kimoja chenye mafunzo. Jean Ritchie alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Viper, Kentucky, mtoto wa mwisho katika watoto kumi na wanne. Baba yake, Balis, alikuwa na dalsima ambayo watoto walikatazwa kuigusa. Binti akaigusa kwa siri, hata baba alipoamua kumfundisha akastaajabu jinsi mtoto alivyoshika upesi. Baadaye alihamia New York, akaimba kwa kinanda hicho, na wasikilizaji wakataka kununua. Ritchie na mumewe, George Pickow, wakaanza biashara. Karakana ilikuwa Brooklyn, chini ya daraja la Williamsburg, mahali palipotayarishwa na Morris Pickow, baba mdogo wa George. Mwanzoni vinanda vilitoka Kentucky bila kumalizika, kwa mkono wa Amburgey, ambaye alikuwa jamaa ya Ritchie. George alivimaliza, na Jean akazitengeneza sauti. Wakauza kama 300 kwa njia hiyo, kisha wakawa wanatengeneza wenyewe toka mwanzo. Basi anayenunua leo kinanda kimojawapo cha siku zile ana kazi ya watu watatu na miji miwili, na akiuliza nani fundi wake, hapana jibu la neno moja. Kitabu cha Ritchie cha mwaka 1963 juu ya dalsima kiliwafundisha watu wengi kupiga, na wengine wakachukua misumeno wakachonga zao.

Huko Galax, Virginia, mambo yalikuwa mengine. Ukoo wa Melton uliendeleza dalsima yenye umbo la tone la maji, isiyo na kiuno, yenye nyuzi nne zote zikikazwa sauti moja, na ubao wa pili chini ya tumbo lake ili mapaja ya mpigaji yasiizuie sauti. Ilipigwa kwa haraka pamoja na fidla na banjo katika ngoma na mashindano. Hapo umbo lenyewe ndilo jina. Anayeijua Galax huitambua dalsima ya huko kabla hajaigeuza. Lakini umbo hutaja ukoo na mji, halitaji mtu, na katika ukoo wa mafundi wengi kazi za wasioandika huangukia kwa urahisi jina la yule aliyesifika zaidi.

Miaka ya 1960 na 1970 ndiyo iliyozaa dalsima nyingi zinazouzwa sasa kwa mkono wa pili. Homer Ledford, mzaliwa wa Tennessee aliyefanya kazi Winchester, Kentucky, mpaka alipofariki mwaka 2006, alitengeneza kiasi cha 6,000. Lynn McSpadden alianzisha huko Arkansas karakana iliyobandika ndani ya kila kinanda karatasi yenye namba. Joellen Lapidus wa California alimwuzia Joni Mitchell dalsima mwaka 1969, ikasikika katika sahani yake ya mwaka 1971, na vijana wasiowahi kuiona milima wakaitaka. Kwa mnunuzi huu ni wakati wenye mitego. Vipande vilivyokwisha kukatwa viliuzwa kwa posta ili mtu aunganishe mwenyewe nyumbani, kisha yule aliyeunganisha akaandika jina lake kwa fahari. Basi fundi wa jina si fundi wa umbo. Tena katika zama hizo waliongeza tuta moja la waya kati ya la sita na la saba, ambalo dalsima za kale hazina. Tuta hilo ni alama njema ya umri, ila watu wengi waliligongea katika vinanda vya babu zao ili vifae nyimbo mpya, na alama ikaharibika. Watengenezaji wa vyombo vilivyovunjika nao hubandika karatasi zao, wakiandika mwaka wa matengenezo tu. Mnunuzi asiye na subira husoma hapo mwaka wa kuzaliwa.

Lakini mtego mkubwa haumo ndani ya kinanda; umo katika kuuziana kwenyewe. Kinanda kikiwa nyumbani kwa wenyewe kina mashahidi wawili: mbao zake, na ulimi wa mwenye nyumba, ambaye hata bila karatasi ajua kwamba kilitengenezwa na mjomba wa mama yake majira ya baridi fulani, kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Siku kinapouzwa shahidi wa pili hubaki nyuma. Muuza vitu vya kale aliyekinunua pamoja na viti na masufuria hana sababu ya kuuliza, na baada ya mikono mitatu hapana awezaye tena kuuliza. Kwa hiyo biashara ile ile iliyoleta ushahidi kwa wataalamu imeufuta vile vile, na haieleweki vema kwa nini wanunuzi wengi, wanaotoa fedha nyingi bila kusita, huona taabu kuandika mistari kumi ya maneno ya muuzaji kabla ya kuondoka mlangoni pake.

Watu wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya yamo mazeze na nanga zilizochukuliwa huku wakati wa utawala wa kikoloni, na mara nyingi karatasi iliyo kando yake imeandikwa jina la kabila, jina la aliyekichukua, na mwaka. Jina la aliyechonga halimo. Si kwamba halikujulikana. Kijijini lilijulikana na watoto. Halikuulizwa tu, kwa sababu aliyenunua alidhani ananunua kazi ya kabila, kama wageni wa Hindman walivyodhani wananunua kazi ya zama za Malkia. Tofauti ni kwamba Thomas aliweza kuandika, akajua kuwa kinanda chake kitakwenda kwa wasomaji, akawahi kujibu swali kabla halijaulizwa.

Nathan Hicks naye alipata wanunuzi waliouliza. Frank na Anne Warner walirudi Beech Mountain mara nyingi, wakaandika majina ya waimbaji mmoja mmoja, na Anne akayatoa katika kitabu chake cha mwaka 1984, mumewe akiwa amekwisha kufariki. Proffitt, aliyekuwa pia fundi, aliishi mpaka mwaka 1965 akitengeneza dalsima na banjo zisizo na matuta, ambazo watu wa mbali walimwagiza kwa barua. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ilitoa nishani ya urithi wa taifa kwa watu wawili wa ukoo wa Hicks mwaka mmoja: Ray Hicks, mtambaji wa hadithi, ambaye ni mwana wa Nathan, na jamaa yake Stanley Hicks, mchongaji wa dalsima na banjo, aliyefundishwa kazi na baba yake Roby. Kinanda ambacho Matteson alikionyesha New York miaka 45 nyuma kilikuwa kimeifungua njia hiyo yote.